Mwalimu wa Buhigwe anauliza: nianzie wapi mtandaoni?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Buhigwe, nafundisha darasa la kwanza na la pili. Nimejiunga na shahada ya uzamili ya elimu kwa njia ya masafa. Nataka kuandika tasnifu kuhusu watoto wanaoanza shule wakijua Kiha tu, na jinsi wanavyojifunza kusoma kwa Kiswahili. Kila nikitafuta mtandaoni napata blogu za notsi, matangazo ya ajira, na makala nzuri zinazodai dola kabla hazijafunguka. Bando linaisha sijapata kitu. Msimamizi wangu anasema mapitio yangu ya machapisho ni mepesi. Tena nahitaji vitu vya kufundishia kesho asubuhi, si vya tasnifu tu. Naomba unielekeze.

JIBU: Mwalimu, asante kwa swali lililonyooka. Kazi yangu ni ukutubi hapa Tabora, na walimu wengi wanaonijia na tasnifu mkononi wana shida kama yako. Wanaandika mada nzima kwenye Google kama ilivyo kwenye pendekezo la utafiti, halafu wanafungua kinachokuja juu. Kinachokuja juu mara nyingi ni cha mwenye kuuza au mwenye kutangaza. Kinachomfaa mwalimu kimelala kwenye ripoti ndefu ambayo hakuna aliyehangaika kuitangaza.

Kwa hiyo kabla hujagusa simu jiulize: jambo hili ni nani alilazimika kuliandika, na akishaliandika analiweka wapi? Serikali inalazimika kutoa takwimu. Mfadhili analazimika kufanya tathmini ya mradi alioulipia. Mwanafunzi wa uzamili analazimika kukabidhi tasnifu yake maktaba. Mtihani ukishasahihishwa, Baraza la Mitihani linaandika watahiniwa walikosea wapi. Kila mmoja wao ana mlango wake, na ukijua mlango hutatumia bando kuzunguka mitaa.

Nianze na mkoa wako, kwa sababu naamini hapo ndipo mapitio yako yatakapopata uzito. Kigoma imeandikwa kuliko unavyodhani. Mwaka 2014 ilianza programu ya kuinua ubora wa elimu iliyojulikana kama EQUIP-T, kwa fedha za Uingereza, na Kigoma na Tabora zote zilikuwamo katika mikoa ya mwanzo. Walimu waliokuwa kazini wakati ule wanaikumbuka kwa mafunzo ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu). Wasichokijua wengi ni kwamba programu hiyo ilifanyiwa tathmini huru na taasisi ya Oxford Policy Management kwa awamu, mwaka 2014, 2016 na 2018. Watathmini waliingia shuleni, wakawapima watoto wa darasa la tatu kusoma na kuhesabu, wakawahoji walimu na walimu wakuu, wakaangalia ufundishaji ukiendelea. Ripoti zake ziko wazi mtandaoni, bila malipo. Andika hivi: EQUIP-T impact evaluation Tanzania, uongeze neno endline ukitaka ya mwisho au baseline ukitaka ya mwanzo.

Ukiipata, usiisome kuanzia ukurasa wa kwanza. Ni ndefu na itakuchosha. Fungua sehemu ya kutafuta ndani ya PDF, andika "home language", kisha "Kiswahili", upite kila inapotajwa. Suala la mtoto anayezungumza lugha nyingine nyumbani lilijitokeza katika kazi hiyo, na ndiyo maana programu ileile iliendesha mpango wa utayari wa kuanza shule kwa watoto waliokosa elimu ya awali. Mpango huo uliwatumia wasaidizi kutoka jamii hiyohiyo na masomo yaliyojengwa juu ya hadithi, ili mtoto azoee Kiswahili kwa kusikiliza na kusema kabla ya kukutana na herufi. Hiyo ndiyo mada yako, mwalimu. Mtu akiandika tasnifu ya Kigoma kuhusu Kiha na usomaji bila kuzitaja ripoti hizi, msimamizi ana haki ya kusema mapitio ni mepesi.

Baada ya EQUIP-T ikaja Shule Bora, ambayo Kigoma imo na Tabora haimo. Serikali ya Uingereza huweka hadharani mapitio ya kila mwaka ya miradi yake kwenye tovuti inayoitwa Development Tracker. Andika jina la mradi hapo, utaona walichoahidi, walichofanikisha na walichokwama. Ni maandishi makavu, lakini yana ukweli ambao hutaukuta kwenye taarifa kwa vyombo vya habari.

Jambo moja la wilaya yako, na ni muhimu sana. Buhigwe ilianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Kasulu. Ukitafuta kwa jina la Buhigwe, kila kilichoandikwa kabla ya hapo hukioni. Tafuta Kasulu pia. Wenzako wa Kakonko watafute Kibondo, na wa Uvinza watafute Kigoma Vijijini. Hili linagusa hasa ripoti za Uwezo, zile tathmini za Twaweza zilizokuwa zikipita nyumba kwa nyumba kuwapima watoto Kiswahili, Kiingereza na hesabu, na kutoa matokeo kwa wilaya. Ripoti zao za mwanzo zilitoka kabla Buhigwe haijawa wilaya. Na zipo kwa Kiswahili, ukitaka kumsomea mwalimu mkuu wako.

Sasa vuka mpaka. Kutoka Manyovu Burundi unaiona kwa macho, na Kiha na Kirundi ni lugha ndugu kiasi kwamba wewe mwenyewe unajua watu wanavyosikilizana sokoni. Nchini Burundi mtoto anaanza shule kwa Kirundi. Mwaka 2014 tathmini ya PASEC, inayoratibiwa na jumuiya ya mawaziri wa elimu wa nchi zinazotumia Kifaransa, iliwapima wanafunzi wa nchi 10 za Afrika. Katika madarasa ya mwanzo, watoto wa Burundi walipimwa kwa Kirundi, lugha ya nyumbani na ya darasani, na ndio walioongoza katika somo la lugha. Wenzao wa nchi nyingine walipimwa kwa lugha walizozikuta shuleni. Usiandike kwamba lugha peke yake ndiyo iliyoleta matokeo hayo. Mtihani wa lugha moja haulingani sawasawa na wa lugha nyingine, na nchi hutofautiana kwa mengi. Lakini kwa mtafiti wa Buhigwe huu ni ushahidi wa jirani wa karibu kabisa, na katika mapendekezo ya utafiti kutoka Kigoma yaliyopita mikononi mwangu sijaona unatajwa. Sababu ni kwamba sehemu kubwa imeandikwa kwa Kifaransa. Andika PASEC 2014 Burundi kirundi upate ripoti, kisha pitisha kurasa unazozihitaji kwenye programu ya kutafsiri. Tafsiri ya mashine inatosha kukuonesha kama ukurasa unafaa. Ukitaka kunukuu, mtafute mtu anayejua Kifaransa akusomee sentensi ile, na Kigoma watu wa namna hiyo hawakosekani.

Upande wa Kenya, watafiti wakiongozwa na Benjamin Piper walichapisha mwaka 2016 matokeo ya kufundisha watoto wa madarasa ya mwanzo kwa lugha ya nyumbani, na shida zilizojitokeza shuleni wakati wa kutekeleza. Itafute kwa maneno mother tongue instruction Kenya Piper. Itakusaidia kwa sababu inazungumzia utekelezaji: vitabu, walimu waliohamishwa kutoka maeneo ya lugha nyingine, wazazi waliotaka Kiingereza.

Nakuelekeza huko kwa sababu machapisho mengi ya Tanzania kuhusu lugha ya kufundishia yamejaa mjadala wa Kiswahili na Kiingereza katika sekondari. Ni mjadala wa maana, na majina kama Martha Qorro na Birgit Brock-Utne utayakuta kila mahali. Lakini mtoto wako wa darasa la kwanza hajafika huko. Yeye bado anavuka kutoka Kiha kuingia Kiswahili, na kuhusu hilo walioandika ni wachache. Useme hivyo waziwazi katika sura ya pili, uoneshe umetafuta wapi na kwa maneno gani. Pengo la utafiti linathibitishwa namna hiyo. Sentensi ya "tafiti chache zimefanyika" isiyo na ushahidi haimridhishi mtahini yeyote.

Tuje kwenye hifadhidata. Ambayo kila mwalimu anayetafiti anapaswa kuijua ni ERIC, ya idara ya elimu ya serikali ya Marekani, inayosimamiwa na taasisi yao ya sayansi za elimu. Imekuwapo tangu katikati ya miaka ya 1960 na ni ya elimu tupu, kwa hiyo hutapata matangazo wala maradhi ya ng'ombe humo. Haina malipo, haihitaji kujisajili, na kurasa zake ni nyepesi hata mtandao ukisumbua. Anwani ni eric.ed.gov.

Fanya hivi. Andika "language of instruction" Tanzania, ukiweka alama za nukuu kwenye yale maneno matatu ya kwanza ili yatafutwe kwa pamoja. Chini ya kisanduku cha kutafutia kuna viboksi viwili. Kimoja kinabakiza makala zilizopitiwa na wataalamu kabla ya kuchapishwa. Kingine, chenye maneno Full text available on ERIC, kinabakiza zile unazoweza kupakua zima hapohapo. Ukiwa na bando dogo weka alama kwenye hiki cha pili kwanza. Tazama pia namba ya kila chapisho: inayoanza na ED kwa kawaida ni ripoti, karatasi ya mkutano au tasnifu, na mara nyingi PDF yake ipo. Inayoanza na EJ ni makala ya jarida, na mara nyingi itakutuma kwa mchapishaji anayetaka fedha.

Kisha fungua rekodi moja inayokaribiana na mada yako, uangalie maneno yaliyoorodheshwa kama Descriptors. Hayo ndiyo maneno ambayo wakutubi wa ERIC wanayatumia kupanga kila kitu, na ndiyo ufunguo wenyewe. Wewe unaweza kuandika "mother tongue" ukapata kidogo, kumbe wao mada hiyo wameiweka chini ya Native Language au African Languages. Yanakili kwenye daftari, yatumie kutafuta upya. Upande wa kushoto utaona matokeo yamegawanywa kwa miaka, kwa ngazi ya elimu na kwa nchi. Bonyeza Tanzania, kisha rudi ubonyeze Kenya na Uganda.

Angalizo: sehemu kubwa ya ERIC ni Marekani. Utakuta tafiti nyingi za watoto wanaozungumza Kihispania nyumbani na kujifunza Kiingereza shuleni. Chukua humo nadharia na mbinu za kupima. Matokeo yao usiyahamishie darasa lako, kwa sababu hayakupimwa kwenye darasa linalofanana na lako.

Kwa upande wa Afrika kuna AJOL, iliyoanza mwaka 1998 na yenye makao yake Afrika Kusini. Inakusanya majarida ya bara hili, yakiwamo ya Tanzania kama Papers in Education and Development la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Huria la Chuo Kikuu Huria. Mengi yanapakuliwa bure. Yale machache yanayolipiwa yana alama. DOAJ ni saraka ya majarida yaliyo wazi duniani, ilizaliwa Chuo Kikuu cha Lund nchini Uswidi mwaka 2003, na nitairudia hapo chini kwa kazi nyingine.

Usiruke hazina za vyuo vyetu. Hazina ya Chuo Kikuu Huria, kwenye repository.out.ac.tz, imejaa tasnifu za walimu kama wewe, nyingine kwa Kiswahili, na za Dar es Salaam na Dodoma zipo vilevile. Tasnifu ya mtu wa Kibondo au Urambo inakupa vitu viwili kwa mara moja: marejeleo yaliyokwisha kukusanywa, na hojaji iliyowahi kutumika kwa walimu wa mazingira yako. Marejeleo yale yatafute mwenyewe uyasome. Kunukuu kitu ulichokiona kwenye tasnifu ya mwenzako bila kukifungua ni kubeba makosa yake na kuyatia saini.

Kuhusu zile makala zinazodai dola, usilipe. Google Scholar ikikuletea makala iliyofungwa, tazama chini yake pameandikwa versions. Bonyeza, mara nyingi nakala moja kati ya hizo iko wazi kwenye hazina ya chuo cha mwandishi. Kwenye kompyuta unaweza kuweka Unpaywall, nyongeza ya kivinjari inayokutafutia nakala halali ya bure. Maneno Cited by nayo ni ya thamani: yanakuonesha nani aliinukuu makala ile baadaye, kwa hiyo kutoka makala moja ya 2010 unafika kwenye za juzi. Tena chuo chako kina haki ambazo hujazitumia. Vyuo vya Tanzania vinapata majarida ya kulipia kupitia mpango wa Research4Life, kwa bure au kwa gharama ndogo, lakini nywila anakuwa nayo mkutubi wa chuo. Mwandikie. Ni kazi yake na anapenda kuulizwa.

Takwimu za sura ya kwanza zitoke kwa mwenyewe. Idadi ya shule, walimu na wanafunzi kwa halmashauri iko kwenye BEST, kitabu cha takwimu za elimu ya msingi kinachotolewa na TAMISEMI. Idadi ya watu iko Ofisi ya Taifa ya Takwimu: Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Kigoma na watu 2,470,967. Ukiona namba nyingine kwenye blogu, iache. Na Google itakutii ukiiagiza vizuri: andika site:go.tz Kasulu elimu filetype:pdf, utapata nyaraka za PDF kutoka tovuti za serikali tu.

Sasa darasani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kuna kitu kimoja ambacho kila mwalimu anapaswa kuwa nacho na wengi hawajakifungua. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, haitoi matokeo tu. Kila baada ya mtihani hutoa taarifa ya uchambuzi wa majibu, somo kwa somo, kwa darasa la nne, la saba na kuendelea, na iko kwenye tovuti yao bure. Chukua ya Kiswahili ya darasa la nne. Inaenda swali kwa swali. Inakuonesha asilimia ngapi walipata alama za juu na ngapi walipata sifuri, na kwenye maswali ya kuchagua, ni wangapi walivutwa na kila jibu lisilo sahihi na kwa nini. Kisha inaweka kipande cha karatasi ya mtoto, mwandiko wake mwenyewe, mmoja aliyejibu vizuri na mmoja aliyekosea, na maelezo ya wasahihishaji chini yake. Chukua kipande kimoja cha imla kilichokosewa, kiweke mbele ya walimu wenzako kwenye jumuiya ya ujifunzaji, muulizane mtoto huyu alisikia nini mpaka akaandika hivi. Kisha linganisheni na madaftari ya watoto wenu wa darasa la pili. Mtaona makosa yapi ni ya nchi nzima na yapi ni ya mtoto anayefikiri kwa Kiha. Swali hilo la pili linaweza kuwa sura nzima ya tasnifu yako.

Vitabu vya kiada viko kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ol.tie.go.tz, na mafunzo ya MEWAKA, yale endelevu ya walimu kazini, yako kwenye mfumo wao wa kujifunzia. Hakikisha mwaka. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, kwa awamu, na notsi nyingi zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni za mtaala uliopita. Ukiona seti ya maandalio ya masomo ya darasa la tatu haina Jiografia na Mazingira wala Historia ya Tanzania na Maadili, jua ni ya zamani, hata kama aliyeituma ameandika "mpya kabisa".

Kwa kufundisha mtoto ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya pili, nakushauri uende TESSA. Ni kazi ya Open University ya Uingereza kwa kushirikiana na vyuo vya Afrika, Chuo Kikuu Huria kikiwamo, na moduli zake zipo kwa Kiswahili. Katika usomaji kuna moduli ya kutumia hadithi za jamii na nyingine ya kukuza mawasiliano katika lugha ya ziada. Zimeandikwa kwa mwalimu mwenye darasa kubwa na ubao mmoja. Kila sehemu ina kisa cha mwalimu na shughuli unayoweza kuijaribu kesho yake. Leseni yake inakuruhusu kunakili na kurekebisha, kwa hiyo kisa cha mji wa mbali kigeuze kiwe cha mwalo wa dagaa au shamba la michikichi, na hutakuwa umevunja sheria.

African Storybook nayo ina hadithi fupi zenye picha, kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika, zimepangwa kwa ngazi ya usomaji na zinapakuliwa. Unaruhusiwa hata kutafsiri na kuongeza yako. Lugha ya kufundishia kwa mujibu wa sera ni Kiswahili, na sikuambii uiache. Lakini hadithi ambayo mtoto ameisikia kwanza kwa bibi yake kwa Kiha, kisha akaikuta shuleni kwa Kiswahili pamoja na picha, inampa kitu cha kushika. Unaweza kuandaa ya namna hiyo mwenyewe, na wazee wa kijiji ndio maktaba yako.

Kuhusu bando. Gawa kazi mara mbili: kutafuta na kupakua. Kutafuta kunakula data kidogo, kwa hiyo tumia simu, soma ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo wa makala), nakili anwani za unazozitaka kwenye daftari. Kupakua kufanye kwa siku moja ukiwa mjini, kituo cha Chuo Kikuu Huria Kigoma au maktaba ya mkoa, au kwa bando la usiku. Kila PDF ibadilishe jina papo hapo, mwandishi, mwaka, mada, kwa sababu faili lenye jina la namba ndefu hutalikumbuka. Weka nakala kwenye flashi. Kishikwambi ulichopewa na serikali kinatosha kusomea. Ukipata kompyuta, weka Zotero, programu ya bure inayotunza marejeleo na kuyapanga kwa mtindo ambao chuo chako kinautaka.

Mambo mawili ya hatari, kwa ufupi. Programu za akili unde zinasaidia kufafanua ikisiri ngumu au kukupa maneno ya kutafutia, lakini ukiziomba marejeleo zinaweza kukutungia makala ambayo haipo, yenye mwandishi, mwaka na hata kurasa. Kila jina itakalokupa litafute ERIC, AJOL au Google Scholar, na usipolikuta liondoe. Usiingize humo majina wala alama za watoto wako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na mzazi wa Buhigwe hakukupa mtoto ili taarifa zake zisafiri. La pili, ukishakamilisha utapata barua pepe za majarida yanayokusifu na kuahidi kuchapisha kazi yako ndani ya siku chache kwa malipo. Hapo ndipo DOAJ inarudi: litafute jarida humo, litafute AJOL, muulize msimamizi. Lisipokuwa popote, usitume kazi wala fedha.

Na pale utakapogonga ukuta kabisa, mwandikie mwandishi. Anwani yake ya barua pepe huwa kwenye ukurasa wa kwanza wa makala au kwenye tovuti ya chuo chake. Mistari minne inatosha: wewe ni nani na unafundisha wapi, unatafiti nini, makala ipi unaiomba, na asante. Usijieleze kama mwombaji. Mtafiti wa usomaji anayepata barua kutoka kwa mwalimu wa darasa la kwanza aliye mpakani mwa Burundi anapata msomaji aliyekuwa akimwandikia. Wengi hutuma, na wengine huongeza hojaji walizotumia. Andika barua ya kwanza wiki hii kwa mmoja wa waliofanya tathmini ya EQUIP-T, umuulize swali moja tu: zana walizotumia kumpima mtoto kusoma Kiswahili zinapatikana wapi. Ukizipata kabla hujaandika sura ya tatu, hutahitaji kubuni zako kuanzia mwanzo, na matokeo yako yataweza kulinganishwa na ya mkoa mzima.